Kitanda Kimoja, Makarani Wawili: Njia ya Kufundisha Programu za Seva na Wateja

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu atakiwapo kutunga programu ya hifadhidata, mara nyingi huanza na kile kionekanacho kwa macho: dirisha, vitufe na rangi. Huijaribu programu peke yake katika kompyuta yake, nayo humtii. Mwalimu huitazama, huridhika na kutoa alama. Mwandishi wa makala haya alifundisha hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka kazi moja aliyokwisha kuipa alama za juu, ya kugawa vitanda vya bweni, ilipogawa kitanda kimoja kwa watu wawili mbele ya darasa zima. Haikuwa imeharibika, ilikuwa haijawahi kutumiwa na makarani wawili kwa wakati mmoja.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba somo hili yafaa lianzie pale penye mashindano ya wateja wawili, na kwamba mwanafunzi hana budi kujua mapema kuwa kanuni za kazi hulindwa na seva, wala si dirisha la mteja.

Maana ya Maneno

Seva ni programu iliyo peke yake na haki ya kugusa data. Mteja si mtu, bali ni programu inayopeleka ombi kwa seva kupitia mtandao na kungoja jibu. Muamala ni kundi la amri ambazo ama zote hutimia, ama zote hufutwa kana kwamba hazikutolewa.

Msingi wa mambo haya si mgeni. Mwaka 1970 E. F. Codd wa kampuni ya IBM alieleza jinsi data inavyoweza kupangwa katika majedwali, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatangaza lugha iliyokuja kuitwa SQL. Jim Gray alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998 kwa kazi yake juu ya hifadhidata na miamala. Kwa vyuo visivyo na fedha nyingi, PostgreSQL hupatikana bila malipo. Asili yake ni mradi ulioanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Somo la Kwanza: Daftari na Vikaratasi

Somo hili halihitaji kompyuta. Mwalimu aweke daftari la vitanda mezani na kumteua mwanafunzi mmoja awe mtunza daftari. Huyo ndiye seva. Wanafunzi wawili wakae kwenye pembe mbili za chumba, wawe makarani. Huruhusiwa kupeleka vikaratasi tu. Hakuna aligusaye daftari ila mtunzaji wake.

Karani wa kwanza aulize: "Kitanda namba 3 ki wazi?" Ajibiwe kuwa ki wazi. Kabla hajaandikisha mtu, karani wa pili aulize swali hilo hilo, naye apate jibu hilo hilo. Kisha wa kwanza apeleke amri: "Mwandike Asha." Wa pili naye apeleke: "Mwandike Neema." Mtunza daftari, kwa kuwa hutii tu, atafuta jina la Asha na kuandika la Neema. Hapo mwalimu aulize: Asha amekwisha kupewa kibali na amefika mlangoni na sanduku lake, atalala wapi?

Wanafunzi watatoa shauri. Wengi husema karani aulize mara ya pili kabla ya kuandikisha. Mwalimu asilikatae shauri hilo, bali awaache walijaribu, waone wenyewe kwamba kati ya kuuliza na kuandika pangali na mwanya. Hatimaye mmoja atasema amri yenyewe ibebe sharti: "Mwandike Asha, iwapo kitanda kingali wazi," na mtunzaji amalize kikaratasi kimoja kabla ya kushika kingine. Wakifika hapo, wameugundua muamala wenyewe.

Somo la Pili: Madirisha Mawili

Sasa wanafunzi wafungue madirisha mawili ya PostgreSQL, na katika kila moja waanze kwa amri ya BEGIN. Katika la kwanza waandike:

UPDATE vitanda SET mkazi = 'Asha' WHERE namba = 3 AND mkazi IS NULL;

Kabla ya kuthibitisha kwa COMMIT, waandike amri hiyo hiyo katika dirisha la pili kwa jina la Neema. Mwalimu awatake kwanza watabiri kitakachotokea. Dirisha la pili litanyamaza na kungoja, kwa sababu seva imeufungia mstari ule. Wa kwanza akithibitisha, wa pili ataambiwa kuwa mistari iliyobadilishwa ni 0. Wa kwanza akighairi kwa ROLLBACK, wa pili atapata 1. Namba hiyo ndiyo jibu, na programu ya mteja haina budi kuisoma kabla ya kutoa kibali.

Somo la Tatu: Mteja Asiyeaminika

Mteja anaweza kukatikiwa na mtandao. Ukikatika kabla ya kuthibitisha, seva hufuta muamala. Lakini ukikatika baada ya COMMIT kutumwa na kabla ya jibu kurudi, mteja hajui lililotokea, kama mtu atumaye fedha kwa simu asipate ujumbe. Dawa ni kila ombi kuwa na namba yake, na seva kukataa namba iliyokwisha kuandikwa. Mteja ataweza kurudia ombi bila hofu.

Tena, mteja anaweza kuleta maneno yasiyotazamiwa. Mwalimu ajaribu jina Ng'wandu. Programu iliyounga jina moja kwa moja ndani ya amri itavunjika, kwa kuwa seva itaidhani alama ya ritifaa kuwa mwisho wa jina. Kwa mlango huo huo mwenye nia mbaya hupenyeza amri zake. Kwa hiyo data ipelekwe kama kigezo, mbali na amri.

Upimaji

Mwanafunzi hujifunza kile kinachopewa alama. Twapendekeza katika alama 100, dirisha lipewe 20, mpango wa majedwali 20, na 60 zitolewe kwa majaribio ambayo mwalimu huyafanya mbele ya mwanafunzi: wateja wawili kugombea mstari mmoja, waya wa mtandao kuchomolewa kazini, jina lenye ritifaa, na amri ya kuvunja kanuni kupelekwa kwa seva bila kupitia dirisha. Seva ikiikubali amri hiyo, kanuni haikuwapo.

Hitimisho

Njia hii huchelewesha dirisha zuri kwa majuma machache, na wanafunzi wengine hunung'unika. Lakini wahitimu wetu watakabidhiwa madaftari ya hospitali, mabenki na vyuo. Kosa ambalo darasani huleta kicheko, huko humwacha mtu nje usiku na kibali halali mkononi. Afadhali walione mapema, mbele ya mwalimu.