Viumbe Wasiohitaji Hewa na Kazi Yao Katika Karo la Majitaka

Kaya ambazo hazijaunganishwa na mtandao wa majitaka hutegemea karo, yaani tangi la zege au matofali lililofukiwa uani. Wengi hulichukulia kuwa ghala la uchafu linalosubiri kujaa. Kwa hakika karo ni mahali pa kazi. Ndani yake, gizani na pasipo oksijeni, wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao hula kinyesi na mabaki mengine, wakayageuza sehemu kubwa kuwa maji na gesi.

Kazi hiyo hupokezanwa. Kundi la kwanza huvunjavunja mafuta, protini na wanga kuwa chembe zinazoyeyuka. Makundi yanayofuata huzigeuza chembe hizo kuwa asidi, ikiwemo asidi ya siki. Kundi la mwisho hula asidi hiyo na kutoa methani, gesi ileile inayowaka katika majiko ya wafugaji wenye mitambo ya samadi. Hili la mwisho ndilo dhaifu kuliko yote: huzaliana polepole, nalo hudumaa asidi inapozidi. Likidumaa, asidi hukosa mlaji, karo hunuka na tope hujaa upesi.

Mfaransa Jean-Louis Mouras alipata hataza ya tangi la namna hii mwaka 1881. Huko Ulaya baridi huwapunguzia viumbe hawa kasi. Penye joto hufanya kazi vizuri zaidi, hasa karibu na nyuzi 35 za Selsiasi.

Adui wao mara nyingi hutoka nyumbani. Dawa kali za kuua vijidudu zinazomiminwa chooni kwa wingi, mafuta machafu ya injini, rangi na viuatilifu huwaua. Sabuni ya kawaida ya usafi wa kila siku haina madhara makubwa. Taulo za kike, nepi na mifuko ya plastiki haviliwi na kiumbe yeyote humo. Hubaki vilevile hadi gari la kunyonya majitaka lije, na mara nyingine huziba hata bomba la gari hilo. Ipo pia desturi ya kutia hamira, au hata mzoga wa kuku, ili kuamsha karo jipya. Haina faida: kinyesi chenyewe huja na mbegu ya viumbe hao.

Hata karo lenye afya hufanya sehemu tu ya kazi. Maji yanayotoka humo kwenda kwenye shimo la kufyonza yanaweza kuonekana meupe kiasi, lakini bado yana vimelea vya kuhara na mayai ya minyoo, na usafishaji uliobaki hufanywa na udongo. Ndiyo sababu shimo hilo hutakiwa kuwa mbali na kisima, kwa kawaida mita 30 au zaidi. Anayetoboa karo ili limwage mtaroni wakati wa mvua huwapelekea jirani zake vimelea hivyo moja kwa moja.

Mabaki yasiyoliwa hutuama chini. Yakifikia theluthi moja ya kina cha tangi, nafasi ya maji hupungua, uchafu hupita kabla ya kusagwa na shimo la kufyonza huziba. Kulichimba upya ni ghali kuliko kukodi gari. Si lazima kusugua kuta wakati wa kunyonya, kwani masalia kidogo ya tope huendeleza kazi.

Mfuniko ukifunguliwa, mtu yeyote asiingie wala kuwasha moto karibu. Methani huwaka, nayo gesi yenye harufu ya yai viza ikizidi hupoteza uwezo wa kunusa, kisha huua kwa dakika chache. Mtu akianguka ndani, anayemfuata kumwokoa bila vifaa vya kupumulia mara nyingi hufia humohumo. Eneo lizingirwe, watoto waondolewe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu mara moja.