Akili Kupungua au Kumbukumbu Kuchelewa?

Neno "punguani" limetokana na kitenzi "pungua". Darasani tulipoambiwa hivyo tulicheka. Lakini hebu mfikirie mzee wa hapa Kangeta anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye siku hizi anasahau hesabu ya mabunda ya miraa aliyoyafunga mwenyewe. Akiambiwa kliniki, "Akili yako imepungua," atasikia nini? Tusi, basi.

Yafaa ieleweke kwamba virusi hivi huingia ubongoni mapema, vikibebwa na chembechembe za kinga, na huko hudhuru polepole. Mtu huwa mzito wa kufikiri, husahau, na mikono hupoteza wepesi. Tangu dawa za kupunguza makali zienee, ule upungufu mkubwa wa kumfanya mtu ashindwe hata kujivika nguo umekuwa nadra. Unaoonekana zaidi ni ule mdogo, ambao jirani hautambui lakini mwenyewe anaujua.

Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kipimo kifupi kilichojaribiwa Baltimore, Marekani, na Kampala, Uganda. Hakihitaji mashine wala kujua kusoma. Mgonjwa hutajiwa maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Kisha hugonganisha vidole upesi, hufuatisha miondoko ya mkono, halafu huulizwa yale maneno. Alama zote ni 12. Apataye 10 au chini huchunguzwa zaidi, kwani huenda chanzo ni majonzi, pombe au kukosa usingizi (na miraa ya kukesha, tusidanganyane). Huko Kampala, wagonjwa waliopimwa tena baada ya miezi 6 ya dawa walikuwa wamepata nafuu.

Watu huipokeaje habari hii? Wapo wanaoshusha pumzi: kumbe si uchawi wala uzembe, ni jambo lenye jina! Wengine hukasirika, dawa wamemeza kila siku, mbona tena hili? Wengine husema ati ni uzee tu, na pengine wana haki kidogo. Lakini kuna wanaonyamaza kwa kuhofia heshima yao, maana nani atamwachia pesa mtu anayesahau? Hao ndio wa kuhofiwa zaidi. Anayeficha kusahau hawezi kuomba akumbushwe dawa, na dawa zikisahaulika virusi huongezeka.

Kwa hivyo sisi wanachama twapendekeza isemwe "kumbukumbu yako inachelewa", kisha papo hapo mgonjwa aelezwe la kufanya: simu ilie saa ya dawa, mambo yaandikwe daftarini, na mtu mmoja anayemwamini ajue. Amchague mwenyewe, asichaguliwe. Na kwa nyanya asiyejua Kiswahili vyema, maneno yale manne yatajwe kwa Kimeru, la sivyo tutakuwa tunampima lugha.