Kikoa ni cha Nani? Mgogoro wa Udhibiti wa Majina ya Intaneti

Utangulizi

Suala la majina limeshughulikiwa kwa mapana katika taaluma za isimu na fasihi. Majina ya watu, ya mahali na ya wahusika wa kubuni yamechanganuliwa ili kubainisha historia, itikadi na mamlaka yaliyofumbatwa ndani yake. Hata hivyo, lipo kundi moja la majina ambalo wanafunzi wa Kiswahili hulitumia kila siku bila kulitafakari sana, nalo ni majina ya vikoa vya intaneti. Anayefungua tovuti ya chuo kikuu iliyo na kiishio cha .ac.ke, au anayetuma barua-pepe kwa anwani inayoishia kwa .com, huwa anategemea daftari ambalo hajawahi kuliona na ambalo mwenye kulitunza hamjui.

Makala haya yanalenga kueleza jinsi daftari hilo lilivyozua mgogoro baina ya makampuni ya kibiashara na umma wa watumiaji. Hoja inayoongoza makala ni kwamba mgogoro huo umetokana na kuchanganywa kwa mambo mawili: kulitunza daftari la majina na kuyamiliki majina yenyewe. Ili kuithibitisha hoja hii, makala yataanza kwa kulichunguza neno kikoa, kisha yataangazia matukio ya mwaka wa 2003 na ya miaka ya 2019 na 2020, na hatimaye yataonyesha nafasi ya Kenya na Kiswahili katika suala hili.

Neno kikoa na mfumo wa majina

Katika Kiswahili cha mwambao, kula kikoa ni kula kwa ushirika ambapo kila mwanachama huandaa chakula kwa zamu. Leo hii wenzake wanakula kwake, kesho yeye atakula kwao. Walioliteua neno hili kuwa istilahi ya tarakilishi walilipa maana mpya: sehemu ya intaneti iliyo chini ya jina moja. Maana ya awali haikufutika, nayo ina manufaa makubwa katika mjadala huu. Mwanakikoa huandaa karamu, lakini karamu haiwi yake pekee.

Kila tarakilishi iliyounganishwa na intaneti hutambulika kwa nambari. Kwa kuwa binadamu hukumbuka maneno kwa urahisi kuliko nambari, mtaalamu Paul Mockapetris alibuni mwaka wa 1983 mfumo wa kuyahusisha majina na nambari hizo. Mfumo wenyewe umepangwa kwa ngazi kama mti uliopinduliwa. Juu kabisa upo mzizi. Chini yake yapo matawi makuu kama vile .com, .org na .ke, na kila tawi lina daftari lake linalotunzwa na msajili mkuu mmoja. Wauzaji wa majina wanaweza kuwa mamia, lakini daftari la kila tawi ni moja tu, la sivyo jina moja lingeelekeza watu mahali tofauti. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Umoja wa daftari ni hitaji la kiufundi, ila kwa mfanyabiashara umoja huo ni ukiritimba.

Chimbuko la mgogoro

Katika miaka ya mwanzo, orodha za mzizi zilisimamiwa na Jon Postel, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, ambaye alitegemea imani ya wenzake kuliko nguvu za sheria. Mwaka wa 1993, kazi ya kuyasajili majina ya .com, .net na .org ilikabidhiwa kampuni ya Network Solutions kwa mkataba na shirika la serikali ya Marekani la kufadhili sayansi. Mwaka wa 1995 kampuni hiyo iliruhusiwa kutoza dola 50 kwa mwaka kwa kila jina. Kilichokuwa huduma ya bure kikageuka kuwa chemchemi ya mapato, nayo malalamiko yakaanza.

Mnamo tarehe 28 Januari 1998, Postel aliwaomba waendeshaji wa seva nane za mzizi zisizokuwa mikononi mwa serikali waielekee tarakilishi yake badala ya ile ya Network Solutions. Walikubali. Serikali ya Marekani ilimshinikiza arudishe hali ya awali, naye akaeleza kwamba lilikuwa jaribio. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba mamlaka juu ya mzizi hayakuwa na msingi thabiti wa kisheria. Mwaka huohuo liliundwa ICANN, shirika lisilo la kibiashara lenye makao yake California, ili lisimamie mfumo mzima. Postel aliaga dunia mwezi wa Oktoba mwaka huo. Kampuni ya VeriSign iliinunua Network Solutions mwaka wa 2000, na hivyo daftari la .com likaingia mikononi mwake.

Tukio la mwaka wa 2003

Tarehe 15 Septemba 2003, VeriSign ilibadilisha utendakazi wa madaftari ya .com na .net. Kwa kawaida, mtu akiandika jina lisilosajiliwa, mfumo humjibu kwamba jina hilo halipo. Tangu siku hiyo, mfumo ulijibu kwamba lipo, kisha ukampeleka kwenye ukurasa wa VeriSign ulioitwa Site Finder, ambao ulikuwa na viungo vya kibiashara. Kwa maneno mengine, kila kosa la tahajia duniani katika matawi hayo mawili liligeuzwa kuwa mteja wa kampuni moja.

Athari zake hazikuishia kwa watu waliokosea kuandika. Programu za kuchuja barua-pepe taka zilizokuwa zikichunguza iwapo kikoa cha mtumaji kipo zilipotoshwa, kwa sababu sasa kila kikoa kilionekana kuwepo. Wataalamu walitoa viraka vya programu ili kuyapuuza majibu hayo ya uongo. ICANN ilitishia kuchukua hatua, nayo VeriSign ikaisitisha huduma hiyo tarehe 4 Oktoba. Mwaka wa 2004 kampuni iliishtaki ICANN ikidai kwamba imezuiliwa kufanya biashara halali.

Tukio hili linastahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. Msajili aliyeaminiwa kusema ni majina gani yamesajiliwa alianza kuyajaza mapengo yaliyomo katikati ya majina. Ni sawa na mhariri wa kamusi ambaye, akiulizwa neno lisilokuwepo, anatoa tangazo la bidhaa badala ya kukiri kwamba neno hilo halimo.

Kesi ilimalizwa kwa mapatano, na mkataba mpya wa .com uliofuata mwaka wa 2006 uliiachia VeriSign daftari kwa masharti yanayoufanya uhuishaji wa mkataba uwe jambo la kutarajiwa. Mkataba huo ulihuishwa tena mwaka wa 2024. Bei ya jumla ya jina moja, iliyokuwa dola 6 wakati huo, ilifika dola 10.26 mwaka wa 2024, katika daftari lenye majina zaidi ya milioni 150.

Jaribio la kuiuza .org

Tawi la .org limekuwa maskani ya mashirika ya hisani, ya kidini na ya kutetea haki. Tangu mwaka wa 2003 daftari lake limetunzwa na shirika lisilo la kibiashara lililo chini ya Internet Society. Mnamo Juni 2019, ICANN iliondoa kikomo cha bei katika mkataba wa .org, licha ya kwamba idadi kubwa mno ya maoni yaliyowasilishwa na umma ilipinga hatua hiyo. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo ilitangazwa kwamba kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital ingelinunua shirika hilo la usajili kwa dola bilioni 1.135.

Wapinzani walihoji: mashirika ya hisani yaliyojenga sifa kwa miaka mingi kwa jina moja yangekwenda wapi iwapo bei ingepandishwa? Jina si kama duka ambalo mpangaji anaweza kuhama na bidhaa zake. Anayeliacha huacha pia imani ya watu waliomjua kwalo. Wahenga walisema, "Jina jema hung'ara gizani." Kwa mwekezaji, mng'aro huo ndio uliokuwa ukiuzwa.

Mwanasheria Mkuu wa jimbo la California aliiandikia ICANN akiitaka ikatae. Tarehe 30 Aprili 2020, bodi ya ICANN iliukataa uhamisho huo. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba msajili angegeuka kutoka chombo cha umma na kuwa chombo chenye wajibu kwa wanahisa, huku akibebeshwa deni la dola milioni 360.

Ni haki kuutaja upande wa pili. Watetezi wa makampuni husema kwamba uendeshaji wa madaftari haya unahitaji mitambo ghali, na kwamba .com imehudumu kwa uthabiti mkubwa. Isitoshe, wapo wanaohofia kwamba kuyakabidhi majina kwa serikali kungefungua mlango wa udhibiti wa kisiasa. Hofu hizi zina mashiko. Hata hivyo, zinatetea malipo ya mtunza daftari tu. Hazithibitishi kwamba majina ni mali yake.

Kenya na Kiswahili

Nchini Kenya, daftari la .ke limo chini ya KENIC, asasi iliyoundwa kwa ushirikiano wa serikali, wafanyabiashara na wadau wengine, na iliyolichukua daftari hilo mwaka wa 2002. Mpangilio huu una upungufu wake, lakini unakaribia maana asilia ya kikoa: hakuna mla wa pekee.

Aidha, mfumo wenyewe una upendeleo wa kilugha. Kanuni za awali ziliruhusu herufi za Kiingereza, tarakimu na kistari tu. Vikoa vikuu vya hati ya Kiarabu viliingia kwenye mzizi mwaka wa 2010. Kiswahili, kwa kuwa huandikwa kwa hati ya Kirumi, huonekana hakina tatizo. Lakini kibainishi cha ng' hakikubaliwi katika jina la kikoa. Ng'oa, yaani kutoa kitu kwa nguvu mahali kilipojishika, na ngoa, yaani wivu, hulazimika kuandikwa kwa namna moja. Hata kitenzi cha methali iliyotajwa hapo juu hakiwezi kusajiliwa kwa tahajia yake sahihi.

Hitimisho

Methali husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Matukio yaliyojadiliwa yanaonyesha kwamba hata mali yenye daftari huweza kupotea, iwapo mwenye kulishika hana wa kumuuliza. Mwaka wa 2003 na mwaka wa 2020 makampuni yalirudishwa nyuma kwa sababu wataalamu, mashirika na maafisa wa umma waliuliza. Kuhusu .com, walioridhia mkataba ni wachache na walipao ni wengi. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili, ambao taaluma yao ni maneno na majina, kuwa miongoni mwa waulizaji.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha maana ya awali ya neno kikoa na maana yake ya kiistilahi. Je, uteuzi wa neno hili ulifaa?
2. Je, jina la kikoa ni mali, huduma au amana? Toa sababu.
3. Pendekeza namna ya kuwakilisha sauti ng' katika majina ya vikoa bila kupoteza maana.