Nahodha wa Nabii Yunus Aliitwa Nani?



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunaandika kwenye simu hadithi zinazoendeleza visa vya wengine. Mhusika tuliyempenda katika riwaya au filamu tunampa safari mpya. Swali la darsa yetu: tunaruhusiwa kwenda mbali kiasi gani na asili?

Nianze na kosa langu. Likizo iliyopita, nyumbani Rumonge, niliwaandikia watoto wa mtaani kisa cha Nabii Yunus (a.s.). Nilikipamba kwa mambo ya ziwa letu: mawimbi ya Tanganyika, taa za wavuvi wa ndagala, na nahodha niliyemwita Saidi, akimlilia Nabii asiingie majini. Nabii naye nikamtungia jibu. Watoto walikipenda sana.

Wiki iliyofuata ustadhi aliuliza madrasani habari za Nabii Yunus. Mtoto wa dada yangu akajibu kwa uhakika: "Nahodha wake aliitwa Saidi." Umeyapata wapi hayo? "Mjomba kasema." Nilipoambiwa nilicheka, kisha nikanyamaza.

Turudi kwenye asili. Suratus-Saffat, aya ya 139 hadi 148, inataja jahazi lililojaa, kura, samaki, ufukwe, mmea, na watu laki moja au zaidi. Nahodha hatajwi jina.

Waliotutangulia. Mwaka 1728, Mwengo bin Athumani wa Pate alitunga Utendi wa Tambuka, wenye vita vikali kati ya Waislamu na majeshi ya Herekali. Katika sira, msafara wa Tabuk wa mwaka wa 9 Hijria ulirudi bila kupigana na Warumi. Utendi huo ni hazina ya Kiswahili, ila hatuusomi kama sira. Vivyo hivyo Zulaykha: Qur'ani inamtaja kama mke wa Al-Aziz tu, jina hilo limetoka kwa wasimulizi.

Mpaka. Katika hadithi ya Abdullah bin Amr iliyomo katika Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliruhusu kusimulia habari za Wana wa Israili, na papo hapo akamwonya kwa Moto anayemzulia uongo makusudi. Ruhusa na onyo vimekuja pamoja.

Mimi ni mwanafunzi mwenzenu, si mufti. Masuala ya hukumu tuwaulize masheikh. Niliyojifunza ni haya:

1. Kisa cha wahyi ni amana. Tusiwatungie Mitume maneno, hata yawe mazuri.
2. Riwaya ya mwanadamu ina nafasi pana zaidi, lakini tabia ya mhusika iheshimiwe. Karama wa Kusadikika ya Shaaban Robert alisimama kizimbani akitetea elimu ya sheria. Ukimfanya msaliti bila sababu, umebaki na jina lake tu.
3. Msomaji aambiwe mapema kipi ni cha asili na kipi umetunga. Mtoto hawezi kupambanua peke yake.

Nilirudi madrasani, nikawaambia watoto kuwa Saidi ni wa kwangu. Mmoja akauliza, "Na samaki?" Nikamwambia samaki ni wa kweli, amo katika Qur'ani. Swali lake lilinionyesha hatari: uzushi wangu mdogo ulikuwa umeanza kumtia shaka katika jambo la haki.

Tujadili: Katika ulichoandika mwaka huu, msomaji atajuaje ulipoishia mwenye kisa na ulipoanzia wewe?

Wabillahi tawfiq.