KIFAA KINACHOONGOZA VALI KWA NGUVU YA HEWA
Jinsi kinavyofanya kazi na jinsi ya kukirekebisha

Kila siku kabla ya jua kuchomoza, wakulima wa Dundori, katika nyanda za juu mashariki ya mji wa Nakuru, hukamua ng'ombe wao na kupeleka maziwa barabarani. Maziwa hayo hayafai kuuzwa mjini mpaka yapashwe moto kiwandani, kwani maziwa mabichi yaweza kuchukua kifua kikuu cha ng'ombe na ule ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humpata mwanadamu pia kwa homa ndefu na maumivu ya viungo. Kazi hii ya kupasha maziwa si ngeni katika Bonde la Ufa; chama cha ushirika cha Kenya Co-operative Creameries kiliundwa mwaka 1925.

Kanuni ya kupasha maziwa yapitayo katika mabomba ni joto la digrii 72 za sentigredi kwa muda wa sekunde 15. Joto likipungua, vijidudu vya maradhi huponea. Likizidi mno, maziwa huwa na ladha ya kuungua na kugandamana ndani ya mtambo. Basi afya ya mtoto anywaye maziwa na fedha ya mkulima aliyeyatoa hutegemea vali moja ya mvuke. Katika somo hili tutaeleza kifaa kidogo kilicho ubavuni mwa vali hiyo, ambacho mafundi hukiita posishona.

VALI NA AMRI YAKE

Vali ya namna hii ina kizibo kinachopanda na kushuka juu ya kikalio chake. Kizibo kimeungwa na mti wa chuma, na juu ya mti huo kuna kofia ya chuma yenye kiwambo cha mpira na springi. Hewa ikiingia chini ya kiwambo, mti hupanda na mvuke hupita. Hewa ikitoka, springi hushusha mti na vali hufunga. Mpango huo umechaguliwa kwa makusudi: bomba la hewa likipasuka, vali ya mvuke hujifunga yenyewe, na maziwa hayaungui.

Kidhibiti cha joto hupima joto na kutoa amri kwa njia ya hewa. Amri ya ratili 3 kwa inchi ya mraba maana yake ni "funga"; ratili 9, "fungua nusu"; ratili 15, "fungua kabisa". Kwenye geji utaona herufi "psi", au kipimo cha bar, ambapo amri huanza karibu na 0.2 na kuishia karibu na 1. Huenda msomaji akauliza, kwa nini tusianze na sifuri? Ni kwa sababu sifuri ingetudanganya. Geji ikionyesha 3, twajua ya kuwa kidhibiti ki hai na kimeamuru vali ifunge. Ikionyesha sifuri, twajua ya kuwa kuna hitilafu.

KWA NINI AMRI PEKE YAKE HAITOSHI

Mti wa vali hupita katika uzi wa kuziba mvuke, na uzi huo huushika. Tena mvuke wenyewe husukuma kizibo. Kwa hiyo amri ya ratili 9 yaweza kufika, na vali isifike nusu.

Fikiri dereva wa lori arudishaye gari nyuma sokoni ili apakie viazi. Mtu akikaa ndani na kupiga kelele "Rudi!" tu, gari litagonga ukuta au litasimama mbali. Turniboi mwema hushuka, akatazama gurudumu, akasema "Rudi, rudi, basi." Kidhibiti ndiye atoaye amri, posishona ndiye turniboi anayetazama gurudumu.

Ndani yake mna mvukuto mdogo, mfano wa mivukuto ya mhunzi. Amri ikiongezeka, mvukuto hutanuka na kusogeza kibao chembamba karibu na tundu linalopuliza hewa. Tundu likikaribia kuzibwa, msukumo nyuma yake huongezeka, na kipaza nguvu hupeleka hewa nyingi zaidi kwenye kiwambo. Mti hupanda. Lakini mti umeungwa na wenzo unaorudi ndani ya posishona. Ukipanda, wenzo hukivuta kibao kiachane na tundu. Mti ukifika mahali ulipoamriwa, kibao hutulia na vali husimama. Mti ukikwama njiani, kibao hubaki karibu na tundu, na hewa huzidi kuongezwa mpaka utii.

MAKOSA MAWILI YA KIPIMO

Kila muuza maziwa aijua mizani. Iko mizani ambayo ikiwa tupu huonyesha kilo 1. Kosa lake ni moja kwa kila debe, dogo au kubwa. Iko nyingine ambayo ikiwa tupu huonyesha sifuri sawasawa, lakini kilo 10 huzisoma 9, na kilo 20 huzisoma 18; kosa lake hukua pamoja na mzigo. Posishona nayo ina makosa hayo mawili, na kila moja lina skrubu yake. Kosa la kwanza ni la mwanzo; la pili ni la mwendo. Fundi asiyeyatofautisha atazungusha skrubu siku nzima bila faida.

JINSI YA KUREKEBISHA

Kwanza, mwarifu msimamizi wa mtambo, na usianze maziwa yakiwa yanapita. Funga vali za mkono zilizo mbele na nyuma, na uhakikishe mvuke umetoka. Usiweke kidole karibu na mti, kwani springi haina huruma. Kisha mwaga maji yote yaliyo katika chujio la hewa, na uweke hewa ya kulisha kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibati cha kifaa.

1. Toa amri ya ratili 9. Mti uwe katikati ya mwendo wake, na wenzo ukae mraba na mti. Kama sivyo, legeza kiungo chake na ukipange.

2. Shusha amri mpaka 3. Kizibo kikalie kikalio chake, na amri ikizidi 3 kidogo tu kianze kunyanyuka. Rekebisha kwa skrubu ya mwanzo.

3. Pandisha amri mpaka 15. Mshale ufike alama ya 100. Usipofika, au ukifika mapema, rekebisha kwa skrubu ya mwendo.

4. Rudi kwenye 3 na utazame tena, kwa kuwa skrubu ya mwendo huvuruga mwanzo. Rudia mara mbili au tatu mpaka zote mbili zikubaliane.

5. Panda kwa 3, 6, 9, 12 na 15. Vali ionyeshe 0, 25, 50, 75 na 100 katika mia. Kisha shuka vivyo hivyo. Andika kila namba kitabuni.

6. Kaza nati za kuzuia skrubu, rudisha kifuniko, na umwambie msimamizi kazi imekwisha.

Kama katika kupanda 9 hutoa 50, na katika kushuka 9 hiyo hiyo hutoa 56, usiguse skrubu. Kosa hilo si la kipimo. Ama uzi wa kuziba umekazwa mno, ama kiungo cha wenzo kimelegea. Na kama vali haikai, ikipanda na kushuka bila amri kubadilika, tafuta hewa inayovuja, au uchafu katika tundu. Safisha tundu bila kulipanua, kwani tundu lililopanuka haliwezi kurudishwa.

ADUI MKUBWA

Adui wa kifaa hiki ni maji na mafuta katika hewa. Penye baridi kama ya Dundori usiku, unyevu hugeuka maji ndani ya mabomba na kufika kwenye tundu jembamba kuliko sindano. Kumwaga maji ya tangi kila asubuhi ni kazi ya dakika chache. Kuidharau ni kupoteza maziwa ya tarafa nzima.

Siku hizi viwanda vingi hupeleka amri kwa waya wa umeme, kutoka miliampea 4 hadi 20, lakini hewa bado ndiyo inayosukuma mti, na mwanzo na mwendo hupimwa vile vile. Maarifa haya hayaishi katika maziwa. Vali zinazotawaliwa kwa njia hii zatumika po pote penye mvuke mwingi wa kutawala, na katika Bonde letu mvuke hauna uhaba: huko Olkaria, karibu na Naivasha, umeme wa mvuke wa ardhini umetolewa tangu mwaka 1981, na huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru, visima vilianza kuchimbwa mwaka 2011. Kijana ajuaye kurekebisha vali moja kwa uangalifu ana ufunguo wa milango mingi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini amri haianzi na sifuri?
2. Vali yaonyesha 5 zaidi katika kila kipimo. Utageuza skrubu gani kwanza?
3. Kwa nini vali ya mvuke hujifunga hewa inapokatika?