Kumwaga Zege Wakati wa Joto Kali

Januari na Februari, kaskazi ikivuma na Dar es Salaam ikiwaka jua, zege huanza kushika kabla mafundi hawajamaliza kulisambaza. Hapo ndipo mtu hukimbilia ndoo na kuongeza maji. Zege hulainika na kazi huonekana imeokolewa, kumbe ndiyo imeharibika. Maji ya ziada yakishakauka huacha vitundu vidogo ndani yake, na nguvu hupungua. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, lita 25 hivi, ukihesabu na unyevu wa mchanga, zinatosha kazi nyingi za nyumba.

Joto lipunguzwe kabla ya kukoroga. Sehemu kubwa ya zege ni kokoto na mchanga, na vikishinda juani huingia mashineni vikiwa vya moto. Viwekewe kivuli, na kokoto zinyunyiziwe maji usiku wa kuamkia kazi. Maji ya simtanki jeusi la juani nayo ni ya moto; afadhali ujaze mapipa usiku na kuyafunika. Waliojenga Burj Khalifa kule Dubai walimwaga zege usiku wakati wa kiangazi, wakatia na barafu. Barafu waachie wao, ila saa zao ziige: anza alfajiri. Slabu ikiwa kubwa, ongeza mashine na vibarua ili mmalize kabla jua halijakolea.

Lowesha ardhi, mbao na nondo kabla ya kumwaga, bila kuacha madimbwi.

Upepo ni adui ambaye wengi humsahau. Hukausha uso wa zege wakati chini bado ni bichi, na nyufa hutokea ndani ya saa chache. Ukishasawazisha tu, funika kwa nailoni. Zege likishashika, lisikauke kwa siku 7 angalau. Kumwagia asubuhi na jioni peke yake hakutoshi, kwani saa sita mchana uso umeshakuwa mkavu. Tandika magunia yaliyolowa, au zungushia tuta la mchanga maji yatuame juu.

Nyufa zikionekana zege likiwa bado bichi, lipigwepigwe na kusuguliwa upya kwa kibao hadi zijifunge. Wapo wanaozinyunyizia unga wa saruji. Huo hutengeneza gamba tu, ambalo baadaye hubanduka.