Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Okoa Hesabu Kwanza

Hebu tuchukue mfano. Ni msimu wa pamba. Karani wa chama cha ushirika anaingiza kwenye kompyuta uzito wa pamba ya kila mkulima. Malipo bado hayajatoka. Mara umeme unakatika. Unaporudi, kompyuta inaonyesha vidoti vinavyozunguka, inazima, inaanza tena. Haifiki popote.

"Mwenyekiti, mashine imekufa."

"Na hesabu za watu je, ndugu karani?"

Fundi anaitwa. Anasema, "Tufute yote, tuweke Windows upya." Hapo ndipo pa kusema, "Ngoja kwanza, fundi." Akifuta diski, hesabu za wakulima nazo zitafutika.

Kwa nini kompyuta imegoma? Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kompyuta hutafuta kwenye diski maelezo mafupi yanayoiambia Windows iko wapi. Maelezo hayo yakiharibika, haijui pa kuanzia. Lakini faili zako zimekaa mahali pengine kwenye diski hiyo hiyo. Ni kama ghala lililopotelewa ufunguo. Mahindi bado yamo ndani. (Ila diski ikilia ka-ka-ka, hilo ni jambo jingine. Diski yenyewe inakufa. Izime mara moja, usijaribu lolote katika haya.)

Kwanza chomoa flashi zote, kisha washa tena. Wakati mwingine kompyuta inahangaika na flashi tu! Ikigoma bado, tumia mlango wa dharura. Windows 10 na Windows 11, zikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kwa kawaida hufungua mlango huo zenyewe. Chagua palipoandikwa Troubleshoot, halafu Advanced options. Jaribu Startup Repair. Ikishindwa, rudi uchague Command Prompt.

Kompyuta nyingine hapa zitadai namba ya BitLocker. Ina tarakimu 48. Usipokuwa nayo, diski haifunguki. Basi namba hiyo iandikwe mapema, ikae kabatini pamoja na mhuri wa chama.

Sasa kioo ni cheusi, maandishi ni meupe. Usiogope. Unaandika amri, unabonyeza Enter, unasubiri jibu. Angalia vizuri mistari ya mshazari. Huu / umelalia mbele, na huu \ umelalia nyuma. Ukibadilisha, amri haifanyi kazi.

Anza kwa kuuliza diski ina nini:

dir C:\

Ukiona majina Users na Windows, ndiyo yenyewe. Usipoyaona, jaribu dir D:\ maana huku herufi za diski huweza kubadilika. Kama ni D, basi kila penye C hapa chini andika D.

Chomeka flashi, uitafute kwa dir E:\ au herufi inayofuata. Sasa nakili hesabu. Tuseme jina la kuingilia la karani ni Karani:

robocopy C:\Users\Karani\Documents E:\Akiba /e

Soma amri hii polepole. Inatangulia mahali faili zilipo, inafuata mahali zinapokwenda. Ile /e mwishoni inasema: chukua na mafolda yote yaliyomo ndani. Ikimaliza, andika dir E:\Akiba uone kwa macho yako kwamba zimefika. Chomoa flashi, mpe mwenyekiti aitunze.

Sasa tunaweza kutengeneza. Amri ya kwanza hukagua diski na kusahihisha makosa yaliyoachwa na umeme:

chkdsk C: /f

Inaweza kuchukua muda mrefu. Nenda kanywe chai, lakini usizime kompyuta. Ikiwa ni ya mkononi, iwe kwenye chaja.

Amri ya pili huandika upya yale maelezo ya kuanzia:

bcdboot C:\Windows

Ikijibu Boot files successfully created, maana yake imefaulu kuyaandika. Andika exit, kisha chagua Continue. Mara nyingi kompyuta itawaka. Isipowaka, sasa mwite yule fundi, na akitaka kufuta, afute. Hesabu za pamba zipo kwa mwenyekiti.

Jambo moja zaidi. Ukiwa kwenye kioo hiki cheusi, usiandike format wala clean eti kwa sababu mtu fulani kakwambia inasaidia. Amri hizo hufuta.

MASWALI

1. Kwa nini tunanakili faili kabla ya kutengeneza?

2. Katika amri ya robocopy, kipi kinatangulia: faili zilipo, au zinapokwenda?

3. Diski inalia ka-ka-ka. Utafanya nini?

4. Namba ya BitLocker ya kompyuta ya chama chenu imeandikwa wapi? Kama hujui, kamuulize karani kesho.